WAYA WA UMEME NA SIKIO LA MSIKILIZAJI

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulinijia akilini jioni moja nilipokuwa mtaani Nyamirambo, hapa Kigali, nimeketi sebuleni kwa sajenti mmoja aliyekuwa likizoni. Mezani palikuwa na ampulifaya yake na spika mbili. Mkononi alishika waya wa umeme mnene kama kidole gumba, umevishwa kitambaa kilichosukwa, na kila ncha yake ina plagi inayong'aa kama kifungo cha sare ya gwaride.

"Afande," aliniambia, "mwenye duka amenipa waya huu niujaribu kwa siku tatu. Anasema sauti itafunguka, besi itashuka, na mwimbaji ataonekana kana kwamba amesimama hapa sebuleni. Jana nimeusikiliza, nami naona kweli kuna tofauti. Mama watoto anasema hakuna. Sasa nimwamini nani?"

Nikamwuliza bei. Alipoitaja, mkewe aliyekuwa akimimina chai alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Hiyo, shemeji, ni ada ya shule ya watoto wawili kwa muhula mzima."

Nikauliza tena: je, mwenye duka alisema nini juu ya wale wasiosikia tofauti? Sajenti akajibu: "Alisema waya mpya haujazoea kazi. Ni lazima upitishwe umeme kwa saa mia moja ndipo uzuri wake utokee."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipotoa kalamu na karatasi. Siku tatu ni saa 72. Saa 100 ni siku nne na saa nne, tena bila kuzima chombo usiku wala mchana. Kwa mtu asikilizaye muziki saa mbili kila jioni, saa 100 ni siku 50. Maana yake ni kwamba muda wa kuurudisha waya utakwisha kabla ya muda wa kuuhukumu haujaanza. Tangu hapo niliona kuwa jambo hili linastahili kuchunguzwa kwa utulivu, maana wapo askari na polisi wengi wapendao muziki, na mshahara wa askari hauokotwi njiani.

MTAA UNAOSIKILIZA

Si ajabu kwamba swali hili liliulizwa Nyamirambo. Huu ni mtaa wa masikio. Ndio mtaa ambamo Kiswahili kilitia mizizi hapa mjini muda mrefu kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Hapa ndipo ulipo msikiti wa al-Fatah, uliojengwa mwaka 1913, ambao adhana yake imewaamsha watu kwa vizazi kadhaa. Hapa ndipo ulipo uwanja wa mpira ambao tangu mwaka 2023 unaitwa kwa jina la Pelé. Siku timu ya APR inapopambana na Rayon Sports, mtu aweza kupanda kilima chote kwa miguu asikose hata pasi moja, kwa kuwa kila kibanda kina redio na kila redio inatangaza mchezo huo huo.

Watu wa namna hii hawanunui chombo cha sauti kwa kujionyesha tu. Wanakinunua kwa sababu sauti ni sehemu ya maisha yao: harusi, taarabu, rumba ya Kongo, mawaidha, habari. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba sauti yao yaweza kuwa bora zaidi atasikilizwa. Nasi tunapaswa kumsikiliza. Lakini baada ya kumsikiliza, tumpime.

SAFARI YA UMEME

Tuanze na waya. Hoja ya muuzaji ni kwamba umeme mchafu au dhaifu huharibu sauti, na kwamba waya wake mnene wa mita mbili huutengeneza umeme huo. Basi na tuufuate umeme tokea unakozaliwa.

Katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa nchi yetu, maji ya ziwa Burera huteremka kuelekea ziwa Ruhondo. Kati ya maziwa hayo mawili kipo kituo cha Ntaruka, kinachotoa umeme tangu mwaka 1959. Baadaye vilifuata vituo vingine, kama vile Mukungwa, kisha Nyabarongo chenye megawati 28, na mitambo ya gesi ya ziwa Kivu. Umeme wa vituo vyote hivyo huchanganywa katika gridi moja. Husafiri makumi ya kilomita juu ya nguzo kwa msongo mkubwa wa volti elfu 110, hushushwa katika vituo vya kupozea, huingia katika transfoma ya mtaani, hupita katika nyaya za angani zilizopigwa na jua na mvua, huingia katika mita ya kashipawa, hupitia swichi kuu, kisha hupita katika waya mwembamba uliozikwa ukutani na fundi aliyeijenga nyumba. Baada ya safari yote hiyo ndipo hufika kwenye soketi. Muuzaji anadai kwamba mita mbili za mwisho ndizo zitakazofuta yote yaliyoupata njiani. Ni sawa na kusema kwamba kikosi kilichotembea usiku kucha katika tope kitakuwa kisafi kwa sababu hatua mbili za mwisho kimezikanyaga juu ya zulia.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.017 kwa kila mita. Waya wa kawaida wa mita mbili una njia ya kwenda na njia ya kurudi, yaani mita nne. Ukinzani wake basi ni kama omu 0.07. Ampulifaya ya nyumbani inayotumia wati 230 huvuta ampea moja. Hivyo waya huo wa kawaida hupoteza volti 0.07 tu kati ya volti 230. Ukiweka waya wenye shaba mara nne zaidi, utapoteza karibu volti 0.02. Faida yote ya waya wa gharama ni volti 0.05.

Sasa tazama upande wa pili. Kiwango cha kimataifa cha volti 230 huruhusu umeme upande au ushuke kwa asilimia kumi, yaani kati ya volti 207 na volti 253. Jirani akiwasha pasi, mchomeleaji akianza kazi yake, au mtaa mzima ukiwasha taa jioni, volti hupanda na kushuka. Mabadiliko ya volti 23 ni zaidi ya mara 400 ya ile faida iliyonunuliwa kwa ada ya watoto wawili.

NDANI YA SANDUKU

Huenda msomaji akauliza: ikiwa volti hupanda na kushuka hivyo, mbona muziki hauyumbi? Jibu lake ni la msingi sana, na mafundi wa redio wa Nyamirambo wanalijua vizuri.

Umeme wa ukutani si muziki. Ni nguvu tu, mfano wa mkaa jikoni. Unapoingia katika ampulifaya hupokewa na transfoma, nayo huushusha kufikia kiasi kinachotakiwa. Kisha daiodi hubadili mkondo geu, ambao hapa kwetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ukawa mkondo mnyoofu. Halafu kapasita kubwa huhifadhi umeme huo kama pipa linavyohifadhi maji, ili chombo kisipungukiwe bomba likidhoofika. Muziki wenyewe huchota katika pipa hilo. Mtengenezaji wa chombo alijua tangu mwanzo kwamba umeme wa nyumbani hautulii, naye akakijenga chombo kikiwa tayari kwa hali hiyo.

Ni haki kukiri kwamba kelele za umeme zipo. Mashine ya kuchomelea, mota ya kinu cha nafaka na chaja hafifu za simu huweza kutia mikwaruzo, hasa katika redio ya mawimbi ya kati na mafupi. Lakini aghalabu kelele hizo huja kwa njia ya hewa na kuingia katika antena. Na zile zipitazo katika waya huzuiwa na kichujio, ambacho ni koili na kapasita chache zilizopangwa kwa kazi hiyo, wala si kwa unene wa shaba au uzuri wa kitambaa.

ASILI YA KUPASHA CHOMBO

Sasa tuje kwenye zile saa 100. Desturi ya kukiacha chombo kipya kiwake kwa muda mrefu ina historia ya kweli, tena historia yenyewe ni ya kijeshi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili majeshi makubwa yalitambua kwamba redio na rada zao ziliharibika mara nyingi mno. Marekani iliunda kamati ya kuchunguza uimara wa vyombo vya elektroniki, iliyojulikana kwa kifupi AGREE, nayo ikatoa ripoti yake mwaka 1957. Jambo moja lililodhihirika katika taaluma hiyo ni kwamba vyombo huharibika kwa mpango unaofanana na umbo la beseni: mwanzoni wengi huanguka, katikati wachache, na mwishoni, uzee ukifika, wengi tena. Wale wanaoanguka mwanzoni ni wale waliozaliwa na kasoro.

Ndipo ikabuniwa njia ya kuwasha vipuri kiwandani kwa muda mrefu, katika joto kali, ili vyenye kasoro vife hukohuko kabla havijafika vitani. Kiwango cha kijeshi cha Marekani kinachoitwa MIL-STD-883 kinataja saa 160 katika joto la nyuzi 125 za Selsiasi kwa ajili ya vipuri vya elektroniki. Angalia vizuri madhumuni yake. Kipuri kilichopita mtihani huo hakitoki kikiwa bora kuliko kilivyoingia. Kinatoka kikiwa kimethibitishwa. Ni mchujo wa wagonjwa, si mafunzo ya wazima. Wauza nyaya wamechukua jina la mchujo na kulipa maana ya mafunzo.

Je, hakuna chombo kinachobadilika kwa kutumiwa? Kipo. Dereva wa jeshi anajua kwamba injini mpya huzoeshwa polepole, kwa kuwa pete na silinda vinasuguana hadi vikubaliane. Vivyo hivyo spika ina kitu kinachotembea: koni yake hushikwa na mpira pembeni na kitambaa kilichokunjwa nyuma, na vitu hivyo hulegea kidogo spika inapoanza kazi. Mabadiliko hayo ni madogo, na sehemu yake kubwa hutokea mapema. Redio ya zamani yenye vali nayo huhitaji kupata joto kabla haijatulia. Na chombo kilichokaa stoo miaka mingi hakifai kupewa umeme wote kwa ghafla, kwani kapasita zake hupoteza utando wa ndani unaozilinda. Fundi mzuri huziamsha taratibu kwa volti chache.

Lakini waya wa shaba una nini cha kuzoea? Hauna kitu kinachotembea, hauna utando wa kujenga, hauna joto la kutafuta. Shaba iliyozikwa ukutani mwa nyumba hiyo imepitisha umeme kwa miaka mingi, wala hakuna aliyewahi kusema kwamba nyumba kuukuu zinaimba vizuri kuliko nyumba mpya.

Kinachozoea ni msikilizaji. Mtu akiishi na sauti mpya kwa majuma saba, ubongo wake huikubali, kama vile askari aliyehamishiwa kambi iliyo karibu na barabara kuu anavyoacha kuyasikia magari baada ya muda. Barabara haikutulia, yeye ndiye aliyebadilika.

SIKIO HUDANGANYWA NA JICHO

Hata hivyo sajenti wetu alisema amesikia tofauti, nami siamini kwamba alikuwa akisema uongo. Mtu akijua kwamba waya ni wa gharama, na akautazama uking'aa, sikio lake humletea habari inayokubaliana na macho yake. Hilo huwapata wataalamu sawa na watu wa kawaida.

Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Harman nchini Marekani, waliwaita wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo wahukumu spika nne. Mara ya kwanza walizificha, mara ya pili wakaziacha zionekane. Spika zilipoonekana, hukumu zilibadilika: ukubwa, sura na jina viliingia katika masikio ya watu ambao kazi yao ya kila siku ilihusu vyombo vya sauti.

Juu ya nyaya za umeme zenyewe lilifanyika jaribio mwaka 2004 huko California, kwa msaada wa chama cha wapenda muziki wa eneo la San Francisco. Waliohusika hawakuwa watu wa kubeza nyaya. Wengi walikuwa wapenzi wa vyombo vya hali ya juu. Waliwekewa waya wa kawaida na waya ambao bei yake ilizidi dola elfu mbili, bila kuambiwa upi unatumika. Kati ya majibu 149 yaliyokusanywa, 73 yalikuwa sahihi. Hiyo ni asilimia 49. Mtu ambaye angekaa nje ya mlango na kurusha sarafu angepata matokeo kama hayo.

Watetezi wa nyaya hujibu kwamba msikilizaji anayejaribiwa huwa na wasiwasi, na kwamba kubadili waya huchukua muda mrefu mno hata kumbukumbu ya sauti ikafifia. Hoja ya pili ina uzito, maana kumbukumbu ya mambo madogo ya sauti hufifia upesi. Lakini ikiwa ni hivyo, basi mteja dukani, ambaye naye hubadilishiwa waya polepole, hana kumbukumbu bora kuliko hao. Haiwezekani sikio liwe hodari siku ya kununua na dhaifu siku ya kupimwa.

WAYA NDANI YA GUNIA

Wazee walituonya tusinunue mbuzi aliye ndani ya gunia. Katika jambo hili mimi nasema kinyume chake: utie waya ndani ya gunia, kisha ndipo usikilize. Kila askari aliyefika uwanja wa shabaha anajua kwamba mpigaji hahesabu matundu yake mwenyewe akiwa palepale alipolala. Mwingine huenda kwenye ubao, akahesabu, akaandika. Sikio nalo lihesabiwe hivyo.

Utaratibu wake ni rahisi. Chagua wimbo mmoja unaoujua vizuri. Weka sauti mahali pamoja usiiguse tena, kwa kuwa sauti iliyozidi kidogo tu humfanya mtu adhani ni bora zaidi. Ficha nyuma ya chombo kwa shuka. Msikilizaji atoke nje, na msaidizi arushe sarafu: upande mmoja ni waya wa kawaida, upande wa pili ni waya wa gharama. Kabla ya kuchomoa au kuchomeka, chombo kizimwe. Hata kama sarafu imeamua waya usibadilishwe, uchomolewe na kurudishwa vilevile, ili muda wa kungoja usitoe siri. Msaidizi aandike, kisha aondoke kabla msikilizaji hajaingia, asije akasomwa usoni. Msikilizaji asikilize, aandike jibu lake, atoke tena. Lifanyike hilo mara kumi, na karatasi zilinganishwe mwisho tu.

Anayebahatisha atapata karibu tano. Kupata nane au zaidi kwa bahati hutokea kama mara moja katika kumi na nane. Kupata tisa au kumi kwa bahati ni kama mara moja tu katika tisini na tatu. Kwa hiyo mtu akipata tisa, na akirudia siku ya pili akapata tisa tena, nitamvulia kofia na kumwambia anunue. Akipata tano, amejiokolea fedha zake.

WAYA UNAOSTAHILI KUOGOPWA

Nisingependa msomaji adhani kwamba waya ni kitu cha kudharauliwa. Waya mzuri wa gharama haumzidi waya mzuri wa kawaida, lakini waya mbaya huua.

Vipo vyombo vingi vinavyoletwa na askari warudio kutoka misheni za ulinzi wa amani, au na jamaa watokao Dubai, Mombasa na Dar es Salaam. Vyombo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania mara nyingi huwa na plagi ya Kiingereza yenye meno matatu ya bapa na fyuzi ndani yake. Soketi za Rwanda ni za matundu ya mviringo, mawili au matatu. Basi mtu hununua adapta ndogo ya bei nafuu, isiyopeleka jino la tatu popote. Jino hilo ndilo la ardhi. Likikatwa, chombo huendelea kuimba vizuri kabisa, hadi siku waya wa ndani utakapogusa bati la nje. Siku hiyo mtoto akigusa chombo, umeme utapita mwilini mwake kutafuta ardhi ulionyimwa.

Tena chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani, ambako nyumba hutumia volti 120, kikichomekwa katika volti 230 bila transfoma ya kushushia, kitateketea pale pale. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujachomeka.

Kuna pia nyaya za bandia, zenye ganda nene la plastiki na ndani nyuzi chache, pengine za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Waya ukiushika wakati chombo kinafanya kazi ukauona wa moto, uondoe mara moja. Plagi ikicheza katika soketi, ikitoa cheche au mikwaruzo, ibadilishe. Dalili ya mvumo mzito usiokoma katika spika mara nyingi ni tatizo la ardhi au la waya wa mawimbi kati ya chombo na chombo. Mwite fundi, wala usijaribu kuliponya kwa kung'oa jino la ardhi. Na majira ya mvua yafikapo, radi ikianza kunguruma juu ya mlima Kigali, chomoa plagi na antena. Hakuna waya wa bei yoyote unaoweza kusimama mbele ya radi.

FEDHA IENDE WAPI

Mwenye fedha kidogo ya kuboresha sauti na aanze na chumba. Nyumba nyingi za Nyamirambo zina sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la mabati. Sauti hugonga huku na huku kama mpira katika ua mdogo. Mkeka mnene au zulia mbele ya spika, pazia zito dirishani, kabati la vitabu ukutani: hayo yatabadili sauti kwa namna ambayo kila aliyemo nyumbani ataisikia hata akiwa amefumba macho. Spika zisogezwe mbali na pembe za chumba, ziinuliwe zilingane na masikio ya aliyeketi, na ziwe na umbali sawa kutoka kwa msikilizaji. Kazi hiyo haigharimu hata faranga moja.

Baada ya chumba, fedha iende kwenye spika, maana huko ndiko tofauti kubwa iliko. Kisha, mahali ambapo umeme hauna utulivu, iende kwenye kifaa cha kusawazisha volti na kinga ya mipigo ya ghafla. Kwa waya, nunua wa kawaida wenye unene unaotosha, wenye jino la ardhi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Rwanda. Inayobaki iwekwe akiba. Ushirika wa Zigama uliundwa mwaka 1997 kwa ajili ya wanajeshi, na jina lake lenyewe kwa Kinyarwanda linatuamuru tuweke akiba. Fedha iliyowekwa huko haihitaji saa 100 za kuzoea.

Jioni ile sajenti alikubali kujaribu. Mkewe alirusha sarafu na kubadili nyaya nyuma ya shuka, mtoto wao mkubwa akawa mwandishi, nami nikakaa nje barazani na sajenti kila zamu, nikizungumza naye habari za mpira ili asitege sikio mlangoni. Zamu ya tatu alijibu kwa haraka na kwa uhakika. Zamu ya sita alikuwa amekunja uso. Zamu ya tisa alisikiliza wimbo hadi mwisho, kisha akaandika jibu lake bila kusema neno.

Karatasi zilipolinganishwa alizitazama kwa muda mrefu. Halafu akauviringisha ule waya mnene, akaurudisha katika sanduku lake lenye kitambaa cha mahameli, akalifunga.

"Afande," alisema, "kesho ni siku ya tatu. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi."

Mkewe hakumcheka. Aliwasha ampulifaya kwa waya wake wa zamani, akauweka ule wimbo tena, sasa bila karatasi wala sarafu, nasi sote tukausikiliza. Ulikuwa wimbo mzuri, na ulisikika vizuri.